Timu, na Timu ya Wanawake

Kosa langu lilipita kwenye maiki ya kuazima, katika uwanja wa kikapu wa chuo kimoja cha Dar es Salaam, Jumamosi ya jua la kupasua kichwa. Mechi ya wanaume ilikuwa imemalizika. Nikashika maiki nikasema, "Na sasa, mabibi na mabwana, wanaingia warembo wetu!" Watu wakapiga miluzi. Nikajiona hodari.

Baada ya mechi nahodha wa hao warembo alinifuata nikiwa nakunja waya.

"Shikamoo, anko."

"Marahaba, mwanangu."

"Wale wa kiume uliwatangazaje?"

Nilikumbuka vizuri. Nilikuwa nimesema "mabingwa watetezi".

"Na kombe letu la mwaka jana alichukua nani?"

Walichukua wao. Nilikuwepo wakikabidhiwa. Hakuongeza neno, aliokota chupa yake ya maji akaenda zake akichechemea, goti limefungwa bandeji iliyochafuka kwa vumbi la uwanja.

Basi nilipopata nafasi ya kwenda Marekani kumwona mdogo wangu, ambaye ni muuguzi huko Connecticut, nilitia daftari kwenye begi. Huko michezo ya vyuo ni biashara kubwa, na wapo makocha wanaolipwa kuliko maprofesa. Tena tangu mwaka 1972 wana sheria, Title IX, inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopokea fedha za serikali kuu. Nilidhani watu wenye sheria ya umri huo watakuwa wameshamaliza jambo dogo kama majina.

*

Storrs ni kijiji. Shemeji alinipeleka kwa gari, na kabla hujaona ukumbi wowote unaona ng'ombe mlimani, kwa sababu Chuo Kikuu cha Connecticut kilianza mwaka 1881 kama shule ya kilimo, na mpaka leo wanauza aiskrimu ya maziwa yao wenyewe. Tuliilamba tukielekea ukumbi wa Gampel. "Hapa ndipo alipocheza Thabeet," shemeji akasema, kwa sauti ya mtu anayeonyesha kaburi la sharifu.

Mtanzania wa rika langu hahitaji kuelezwa Hasheem Thabeet ni nani. Kijana wa Dar, urefu wa zaidi ya mita mbili na sentimita ishirini, aliyetoka Storrs mwaka 2009 na kuchaguliwa wa pili katika drafti ya NBA. Msimu ule tulikuwa tukihesabu mipira aliyozuia kama tunavyohesabu magoli ya watani wa jadi. Timu yake ilifika nne bora, ikafungwa na Michigan State.

Nikainua macho kwenye mabango ya ubingwa. Mwaka huohuo, 2009, timu ya wanawake ya chuo hichohicho ilicheza mechi 39 na kushinda zote 39, ikatwaa ubingwa wa taifa. Nilisimama pale nimeinua shingo kama anayetafuta mwezi wa Ramadhani. Sote tulikuwa tukifuatilia chuo kile, na habari ile haikutufikia. Mwaka 2004 timu zote mbili zilikuwa mabingwa kwa mpigo, jambo ambalo halikuwahi kufanywa na chuo kingine, na mwaka 2014 zikalirudia.

Jina ni moja: Huskies, mbwa wa kuvuta sileji. Wanaume ni Huskies, wanawake ni Huskies, hakuna aliyepachikwa mkia. Dukani nikaomba fulana ya kikapu ya Huskies. Binti wa kaunta akauliza, "Ya wanaume au ya wanawake?" Nikadhani anauliza mkato, nikamjibu ya wanaume, na iwe kubwa, maana tumbo hili si la jana. Kumbe alikuwa anauliza timu. Alipoelewa alicheka mpaka akajishika meza. Fulana nilishalipia. Ila swali lake nililiandika daftarini na kulipigia mstari, kwa kuwa kwetu hakuna muuzaji angeuliza. Kwetu "jezi ya Simba" haina swali.

Lakini jina moja halitibu kila kitu. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kwa miaka mingi kiliyaita mashindano ya wanaume March Madness, wazimu wa Machi, na ya wanawake yakaambiwa hayaruhusiwi kutumia jina hilo. Fainali za wanaume ziliitwa Final Four tu, za wanawake Women's Final Four. Kilichoivunja desturi hiyo ni vyuma vya mazoezi. Machi 2021, wakati wa korona, timu za wanaume ziliwekwa Indianapolis na za wanawake San Antonio. Mchezaji wa Oregon, Sedona Prince, akarekodi video fupi kwa simu: wenzao wa kiume wana ukumbi mzima wa vifaa, wao wana kijirundo cha vyuma vya mkononi, na nafasi tupu kibao pembeni. Video ikasambaa, ripoti ikaandikwa, na mwaka uliofuata March Madness ikawa ya wote. Tena fainali za wanaume zikaanza kuandikwa Men's Final Four. Hilo la pili wengi hawakulitilia maanani. Mimi ndilo lililonigusa: hatimaye hata mwanaume kaandikiwa kwamba ni mwanaume.

*

Kutoka Connecticut hadi Knoxville, Tennessee, ni zaidi ya saa kumi na mbili barabarani. Shemeji ni dereva wa malori, kwake hiyo ni kama kutoka Kariakoo kwenda Mbagala. Nami nilifika na hukumu mfukoni.

Timu za Chuo Kikuu cha Tennessee zinaitwa Volunteers, waliojitolea. Ndilo jina la utani la jimbo zima tangu watu wake walipojitokeza kwa wingi katika vita vya 1812. Wenyewe hufupisha: Vols. Na wanawake? Lady Vols. Hiyo Lady ndiyo niliyokuja kuishtaki. Maana yake ni kama kusema Bibie Vols, na hakuna aliyewahi kuwaita wanaume Bwana Vols. Nikagundua hata kuna la nyuma yake: kabla ya hapo waliitwa Volettes. Mkia ule wa "ette" ni sawa na ki- yetu ya kudogosha, ile inayomgeuza mtu kijitu. Wakenya wasicheke mapema. Timu yao ya taifa ya wanaume ni Harambee Stars, ya wanawake ni Harambee Starlets, nyota na vinyota.

Nilikuwa na hotuba tayari. Ilianza kuyeyuka katika jumba la kumbukumbu la kikapu cha wanawake, lililofunguliwa mjini hapo mwaka 1999, lenye mpira mkubwa kama nyumba juu ya paa. Mle ndani nilimkuta mama mmoja wa makamo ya juu, mwalimu mstaafu, sweta la rangi ya chungwa na skafu ya samawati hafifu. Nikamuuliza kama Lady haimkeri. Alinitazama kama mgeni aliyeingia msikitini na viatu.

Alianza na Pat Summitt. Mwaka 1974 msichana wa miaka 22 akakabidhiwa timu kwa mshahara wa dola 250 kwa mwezi. Jezi za wachezaji alifua mwenyewe, na gari la timu akaliendesha mwenyewe. Alipostaafu mwaka 2012, akiwa ameshaanza kusumbuliwa na ugonjwa wa kusahau, alikuwa na ushindi 1,098 na makombe manane ya taifa. Yote hayo, mama akasema, yalifanyika chini ya jina Lady Vols. Wanawake walikuwa na idara yao ya michezo, bosi wao, bajeti yao na rangi yao. Akashika ncha ya skafu kunionyesha: samawati hii wanaume hawakuwa nayo. Mwaka 2012 idara mbili zikaunganishwa. Mwaka 2014 chuo kikatangaza kwamba kuanzia msimu uliofuata timu zote za wanawake, isipokuwa ya kikapu, zitaitwa Volunteers tu.

"Kwa usawa," nikasema.

Kwa usawa, akakubali. Ila wachezaji wa zamani walilipigania jina lile miaka mitatu, barua juu ya barua, na mwaka 2017 chuo kikalirudisha kwa timu zote. Alivyoliona yeye, kwanza walifungiwa nyumba, halafu wakaja kung'oa hata kibao cha mlangoni.

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeitazama Lady kwa macho ya mtu aliyeshika maiki, wala sikuwa nimefikiria macho ya aliyevaa jezi. Hata hivyo sikuondoka nimeongoka kabisa. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa akikata tiketi mlangoni alisikia mazungumzo yetu, na nilipokuwa natoka akaninong'oneza kwamba yeye huimba "Go Vols" na inamtosha. Hiyo Lady awaachie akina bibi. Wote wawili nimewaandika ukurasa mmoja. Sijui nimpe nani pointi.

*

Shemeji alikuwa na mzigo wa kuchukua Columbia, South Carolina, kwa hiyo tukapita huko. Timu za chuo cha hapo ni Gamecocks, majogoo ya kupigana. Wanawake nao ni Gamecocks. Kocha wao Dawn Staley amewapa ubingwa mwaka 2017, 2022 na 2024, na fainali ya 2024 dhidi ya Iowa ilitazamwa na watu wapatao milioni 18.9, wakati ya wanaume mwaka huo haikufika milioni 15. Majogoo hayo hayahitaji kuitwa mitetea. Nilimweleza shemeji kwamba kwa Kiswahili jambo hili lina uchekesho wake, kwani kwetu jogoo ndiye kielelezo chenyewe cha uanaume, na mtetea akiwika wazee husema ni mkosi. Akasema, "Basi mikosi ya namna hii ije na kwetu."

Njiani redioni niliokota mengine. Massachusetts wana Minutemen na Minutewomen. Oklahoma State wana Cowboys na Cowgirls, wavulana wa ng'ombe na wasichana wa ng'ombe, na hapo angalau wamelingana, wote wametolewa utu uzima. Hawaii wanawake wanaitwa Rainbow Wahine. Wahine ni mwanamke kwa Kihawaii.

*

Nilirudi kupitia Nairobi, na hapo ndipo nilipoona njia ambayo Wamarekani hawaipendi sana. Chuo cha USIU: wanaume wa kikapu ni Tigers, wanawake ni Flames. Strathmore: wanaume Blades, wanawake Swords. Chui milia na ndimi za moto, makali na panga. Hakuna aliye mkia wa mwenzake. Ukisikia Swords wamecheza, huulizi Swords wa kiume ni nani. Ukivuka mpaka hadi Mukono, Uganda, Chuo Kikuu cha Kikristo kina Canons na Lady Canons, Tennessee kamili, ila kwa matoke.

Na sisi? Kiswahili chetu kilitupa neema ambayo Mwingereza hana. Yeye ni yeye. Nahodha, kocha, kipa, mfungaji: hakuna neno linalokuuliza jinsia. Basi upendeleo unapotutoka tunakuwa tumeuongeza kwa mkono wetu wenyewe. Tuna Simba na Simba Queens, Yanga na Yanga Princess, mmoja malkia na mwingine binti mfalme, sijui nani alipanga itifaki. Tunasema "soka la akina mama" na langoni amesimama binti wa miaka 19 asiye na mtoto wala mchumba. Magazeti huandika "wanaume" na "wasichana" katika sentensi moja, kama kwamba wa kike wamekatazwa kukua.

Kijiweni kwetu, wiki niliyorudi, mzee mmoja alisema kwa uchungu kwamba atakufa hajaiona Tanzania kwenye Kombe la Dunia. Kahawa zikapulizwa, vichwa vikatikiswa. Nikawakumbusha Oktoba 2022, India: Serengeti Girls, wasichana wa chini ya miaka 17, wakaifunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare na Kanada, wakafika robo fainali na kutolewa na Kolombia.

"Ah," mzee akasema, "hao tunawajua. Mimi nasema Tanzania."

*

Mwezi uliofuata niliitwa tena chuoni kushika maiki. Yule nahodha alikuwa ameshahitimu. Nikamtafuta aliyempokea, nikamkuta amekaa sakafuni anapitisha kamba kwenye viatu, nikamuuliza wanapenda watangazweje. Alishangaa kwanza. Akawageukia wenzake, wakabishana. Mmoja akataka Malkia, mwingine akasema umalkia wa nini na jezi tunachanga. Mwisho nahodha akaniambia niseme jina la chuo, timu ya wanawake.

"Sawa, nahodha."

"Lakini, anko, na wale useme timu ya wanaume."

Wanaume ndio walioanza. Nikavuta pumzi, nikataja jina la chuo, kisha nikasema polepole: timu ya wanaume. Uwanja ukapoa kidogo. Kijana mmoja juu jukwaani akapaza sauti, "Kwani kuna nyingine?"

Pembeni ya uwanja, wachezaji kumi na wawili waliokuwa wakifunga kamba za viatu wakainua vichwa kwa pamoja kumtazama.