Barua kwa Mpwa Anayeingia Kidato cha Kwanza: Juu ya Kuzijua Maana za Maneno ya Kiingereza

Kwa mpwa mpendwa, kutoka kwa mjomba wake.

Mwanafunzi wa Tanzania aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili hukutana na jambo zito afikapo kidato cha kwanza, kwa kuwa karibu masomo yote hufundishwa kwa Kiingereza, na lugha aliyoizoea kama somo moja tu sasa ndiyo anayotakiwa kuitumia kuelewa fizikia, jiografia na historia. Wengi hulikabili jambo hilo kwa daftari lenye safu mbili, neno la Kiingereza kushoto na la Kiswahili kulia. Daftari hilo lina kazi yake katika wiki za mwanzo, lakini likiachwa liwe njia pekee humzoesha mtoto kuamini kwamba kila neno la lugha moja lina pacha wake katika lugha nyingine, na imani hiyo huzaa makosa ambayo wingi wa maneno yaliyokaririwa hauwezi kuyaponya.

Kitenzi "kupanda" kinatosha kulionyesha hilo. Kwa Kiswahili mtu hupanda mlima, hupanda basi, hupanda baiskeli na hupanda mahindi, wala msikilizaji hapati tabu, kwa sababu muktadha, yaani maneno na hali zinazolizunguka neno, humweleza kinachokusudiwa. Kiingereza kimezigawa kazi hizo: kwa mlima husemwa "climb", kwa basi "board" au "get on", kwa baiskeli "ride", na kwa mahindi "plant". Mwanafunzi aliyekariri kwamba "kupanda" ni "climb" ipo siku ataandika kwamba abiria wali-"climb" basi, na mwalimu mwenye madaftari mengi ya kusahihisha atapiga mstari mwekundu bila kupata nafasi ya kueleza kosa liko wapi. Kiingereza nacho hutumia "wash" peke yake pale ambapo Kiswahili hutofautisha kufua nguo, kuosha vyombo na kunawa mikono. Kwa hiyo inafaa mpwa asiandike neno likiwa pweke, bali aliandike pamoja na maneno linayofuatana nayo, "board a bus" au "plant maize", kisha atunge sentensi yake mwenyewe chini yake.

Jambo la pili ni polisemia, yaani hali ya neno moja kubeba maana kadhaa zenye uhusiano, na hapa ndipo masomo yenyewe hukwama. Katika fizikia "power" ni kiwango cha kazi inayofanyika kwa muda fulani, nacho hupimwa kwa wati. Katika hisabati ni kipeo, kama vile 2 kwa kipeo cha 3 inavyotoa 8. Katika historia ni mamlaka, au taifa lenye nguvu, kama yale ya Ulaya yaliyokutana Berlin kuanzia mwaka 1884 hadi 1885. Vivyo hivyo "solution" ni myeyusho kwa mwalimu wa kemia na ni jibu kwa mwalimu wa hisabati. Maneno ya maagizo ya mtihani yanastahili uangalifu zaidi ya yote, kwa kuwa mwanafunzi anaweza kulijua somo vizuri na bado akakosa alama: "account for" haitaki hesabu bali inataka sababu, na "outline" inataka hoja kuu kwa ufupi.

Kuhusu mizizi ya maneno, mzungumzaji wa Kiswahili anao mtaji tayari, kwani aliyekulia na soma, somo, msomaji na usomaji hashangai akiambiwa kwamba "export", "import", "transport" na "portable" yana asili moja ya Kilatini yenye maana ya kubeba. Hata hivyo mizizi ni ya kukisia tu, na kisio lazima lithibitishwe. Anayejua kwamba "teacher" ni mtu anayefundisha atadhani "cooker" ni mpishi, kumbe ni jiko, na mpishi ni "cook". Katika maabara kosa la namna hiyo ni la hatari, maana chupa iliyoandikwa "inflammable" haina kitu kisichoshika moto, bali ina kitu kinachoshika moto upesi, sawa kabisa na iliyoandikwa "flammable".

Ndiyo maana pamoja na barua hii inatumwa kamusi ya wanafunzi, ile inayoeleza Kiingereza kwa Kiingereza chepesi. Kamusi za aina hii zilitokana na kazi ya walimu wa wageni wa lugha hiyo: A. S. Hornby na wenzake waliiandaa ya kwao walipokuwa wakifundisha Japani, ikatolewa huko mwaka 1942, kisha Oxford ikaichapisha mwaka 1948. Ile ya Longman ya mwaka 1978 ilikwenda mbali zaidi kwa kueleza maana kwa msamiati teule wa maneno kama 2,000 tu, hivyo anayeyamiliki hayo anaweza kujifungulia mengine mwenyewe. Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili isitupwe, ila ifunguliwe baadaye, kuhakikisha kilichokwisha kueleweka.

Inaombwa pia kwamba mpwa, kila afunguapo kamusi, asiishie kwenye maana ya kwanza. Barua ya majibu ikiandikwa kabla ya likizo ya Juni, mjomba angefurahi kukuta ndani yake sentensi tatu zenye neno "run", ya kwanza ikihusu mtu, ya pili mto, na ya tatu duka.

Wasalaam,
Mjomba wake