Darini kwa Seyyid Khalifa

Makumbusho ya Kasri, pale Forodhani, Unguja, yalifunguliwa mwaka 1994. Nilikuwa kijana wakati huo, na aliyeshikilia twende alikuwa bibi yangu, mzaa mama, mtu wa Ng'ambo. Ujana wake wote jumba lile alilijua kwa nje tu: kuta nyeupe, bendera nyekundu, askari mlangoni. Baada ya Mapinduzi ya 1964 likaitwa Kasri la Watu, lakini ndani mlikuwa na ofisi, na bibi hakuwa na shughuli ya ofisini.

Chini alipita upesi. Mikataba ya biashara na Marekani, Uingereza na Ufaransa haikumshughulisha. Kwenye chumba cha Bibi Salme, binti wa Sultani Seyyid Said aliyetoroka mwaka 1866 akaolewa na Mjerumani, alisimama kidogo, akaguna, akaendelea.

Alichotaka kilikuwa juu. Tulipofika mlango wa chumba cha kulala, akavua viatu bila kuambiwa, akapiga hodi. Kijana aliyekuwa akituongoza akacheka, kisha akaitikia: "Karibu, bibi."

Sultani Seyyid Khalifa bin Harub alitawala Zanzibar tangu 1911 hadi alipofariki 1960, na orofa ile ya juu ndiyo iliyokuwa makazi yake. Vyumba vya wakeze, Bibi Matuka na Bibi Nunu, havikufanana; ilikuwa dhahiri kila mmoja alipenda samani za namna yake. Na halafu kulikuwa na kabati la fomaika. Bibi alilizunguka, akaligusa kwa ncha ya kidole (haikuruhusiwa, kijana akajifanya haoni), akasema: "Hili hata fundi wa Mlandege angelitengeneza."

Alitarajia dhahabu. Mimi pia.

Siku ile niliona tumepunjwa. Leo naona kabati lile lilieleza zaidi ya mikataba yote ya chini. Zanzibar iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1890. Tarehe 27 Agosti 1896, Seyyid Khalid alipojitawaza bila idhini ya Waingereza, manowari zao zililipiga mizinga kasri kwa muda usiotimia saa moja. Jumba tulilolitembelea ni lile lililojengwa upya baadaye. Kwa hiyo mzee aliyelala chumba kile alikuwa na mizinga ya salamu, heshima za Idd na fungu la matumizi alilotengewa. Kauli ya mwisho ilikuwa kwa Balozi wa Kiingereza. Samani zake ni za mzee mwenye nafasi wa miaka ya hamsini, basi.

Bibi alikaa sana dirishani. Barabara yote ya mbele inaonekana kutoka pale, na bahari. "Kumbe walikuwa wakituona," alisema. Kisha akamgeukia yule kijana: "Na hao waliokuwa wakipandisha chai ngazi zote hizi, wakilala wapi?" Kijana akasema hilo hajawahi kuulizwa.

Mjukuu wa Seyyid Khalifa, Jamshid bin Abdullah, alipinduliwa tarehe 12 Januari 1964. Aliondoka kwa meli iliyobeba jina la babu yake, akaishi Uingereza zaidi ya nusu karne, na akafariki Oman mwishoni mwa 2024. Bibi yangu alitangulia miaka mingi kabla yake.

Nawe ukijaliwa kuingia kwenye jumba la namna hii, usiishie chini kwenye picha za wakubwa. Panda darini, na ukiweza nenda na mzee aliyeziishi zama zile, umwache aulize yeye.