Wino wa Kijivu

Kijivu ni rangi iliyopewa jina na jivu, kile kinachobaki moto ukishamaliza shughuli yake. Katika ushairi wa pwani rangi hii haina makao makubwa. Nyeusi na nyeupe ndizo zilizoimbwa, na wino unapotajwa mwanzoni mwa tenzi, pamoja na karatasi na kalamu, msomaji huuchukulia kuwa mweusi bila kuuliza. Mwana Kupona binti Msham, katika utendi wake wa mwaka 1858, alimwita bintiye aje na wino na karatasi. Rangi hakuitaja. Haikuhitajika.

Kwa hiyo kidau cha wino wa kijivu kilichokoza, kilipowekwa mezani kwa mwalimu mmoja mstaafu wa Kikwajuni, mjini Unguja, kilitazamwa kama mgeni aliyeingia bila hodi. Kilikuwa kimetoka Maskati, mkobani mwa mtoto wa kaka yake aliyekuja likizo.

"Shikamoo shangazi. Nimekuletea wino wa ile kalamu ya babu."

"Marahaba mwanangu. Wino huu umechujuka, au ndio rangi yake?"

"Ndiyo rangi yake, shangazi. Wenyewe wameukusudia hivyo."

Na kweli wako wanaoikusudia. Kampuni ya Pilot ya Japani, ilipoanza kutoa mfululizo wa wino uitwao Iroshizuku mwaka 2007, ilizipa rangi zake majina ya maumbile na majira. Kijivu kimoja kikaitwa jemadari wa baridi, kingine manyunyu ya ukungu. Kidau cha mwalimu kilikuwa cha kiwanda kingine, na hakikuwa na jina la kishairi.

Mwalimu hakuwa na haja ya wino wa anasa. Alikuwa na kazi, nayo ilikuwa imemkalia moyoni miaka miwili. Marehemu baba yake alikuwa mtunzi wa mashairi ya barazani, na aliacha daftari moja lililoandikwa kwa wino wa buluu wa dukani. Masika moja bati lilivuja juu ya kabati. Daftari lilipotolewa, kurasa kumi na moja zilikuwa zimegeuka mawingu ya samawati. Wino wa namna ile, uliokuwa ukiuzwa kwa watoto wa shule, hutengenezwa kwa rangi inayoyeyuka majini, ili ukidondoka kwenye shati ufulike. Ulifanya kama ulivyoumbwa. Watu waliokuwa wakiyajua mashairi yale kwa moyo walikuwa wamekwisha tangulia, akabaki yeye peke yake, na kumbukumbu zake zina matundu.

Kabla ya kuuamini wino mpya, aliujaribu. Aliisafisha kalamu ya baba yake kwa maji ya uvuguvugu, akaijaza, akaandika mstari mmoja wa maneno yasiyo na maana. Ulishuka ukiwa karibu na weusi, kisha ukapoa kadiri ulivyokauka. Pale nibu ilipopita kwa haraka, herufi ikawa nyepesi kama moshi, na pale mkono ulipositasita, wino ukajikusanya ukakoza. Mweusi huficha mwendo wa mkono, ilhali huu uliutangaza. Akadondosha tone juu ya karatasi ya shashi iliyoloweshwa, na lile ambalo jicho liliona ni rangi moja likaanza kutengana: buluu ikatangulia pembeni, zambarau ikafuata, na katikati ukabaki weusi uliokaidi kusafiri. Akaandika mistari mingine miwili. Mmoja akaufunika nusu kwa kadi na kuuweka dirishani juani kwa mwezi mzima, na wa pili akaupitishia maji. Wa dirishani, nusu iliyokuwa wazi ikapauka. Wa majini ukaondoka karibu wote, ukaacha kivuli.

Basi wino haukufaa. Mtu aliyekwisha ibiwa na maji mara moja hawezi kumkabidhi mwizi yule yule funguo za mlango.

Pwani, hata hivyo, haijapata kuwa na wino wa aina moja. Uko wino wa kubaki na uko wino wa kuondoka. Anayeandika kombe kwa zafarani katika sahani anajua tangu mwanzo kwamba maandishi yale yataoshwa kwa marashi na kunywewa, na kuoshwa kwake ndiko kutimia kwake. Ubao wa chuoni uliandikwa leo ukafutwa kesho, somo likahamia kifuani. Lakini kilichotakiwa kuishi kiliandikwa karatasini kwa wino wa masizi yaliyosagwa na kuchanganywa na gundi ya mgunga. Masizi hayayeyuki majini, wala jua halina la kuyafanya. Yakishajipenyeza katika nyuzi za karatasi hukaa humo. Wino wa makarani wa Ulaya, uliopikwa kwa vivimbe vya mwaloni na chumvi ya chuma, nao hustahimili maji, ila kwa miaka mingi huweza kuila karatasi yenyewe. Masizi hayana tabia hiyo. Ubaya wake ni gundi. Kalamu ya wino, tangu Lewis Waterman alipopewa hataza yake Marekani mwaka 1884, hutegemea vijifereji vyembamba vinavyoteremsha wino huku vikipitisha hewa. Gundi ikikaukia humo, kalamu imekufa.

Mwalimu akakwangua masizi ya kandili, akachanganya kama alivyoona wakubwa wakichanganya, akatafuta kalamu ya kuchovya, akaanza kunakili kwa weusi. Kwa siku nne kazi ilikwenda vyema. Siku ya tano alifika kwenye ubeti wa safari ya jahazi, akakwama.

Shairi lilikuwa la mizani kumi na sita, ukwapi mizani nane na utao mizani nane. Mshororo wa tatu, katika utao wake, ulikuwa umebaki mizani tano tu. Neno la mwisho lilikuwa limekwenda na maji. Kina kilijulikana, kwa kuwa mishororo miwili ya juu yake yote ilikoma kwa "ri", na mizani ilijulikana pia kuwa ni tatu. Lakini safari ni mizani tatu, na bahari ni tatu, na habari ni tatu, na kila moja iliingia mahali pale bila kuvunja kitu. Mahadhi ya baba yake aliyasikia akilini wazi kabisa, yakipanda na kushuka. Neno lenyewe halikuja.

"Weka safari, shangazi," alisema kijana. "Linafaa. Nani atajua?"

"Hilo ndilo linalonitisha," alijibu. "Kwamba hapana atakayejua."

Hofu hiyo haikuwa ya mwalimu peke yake. Sehemu kubwa ya urithi wa ushairi wa Kiswahili imefika kwa mikono ya wanakili. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yalikusanywa miongo kadhaa baada ya kifo chake, William Taylor akisaidiwa na Mwalimu Sikujua, na diwani haikuchapwa mpaka mwaka 1940 chini ya uhariri wa William Hichens. Bila ya wakusanyaji hao na wazee waliohifadhi vifuani mwao, mengi yangepotea. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini daftari nalo lina hila yake. Neno lililokumbukwa barabara na neno lililokisiwa, yakishapigwa chapa, huwa na weusi mmoja. Msomaji wa baadaye hana njia ya kujua ni wapi mnakili alijua na ni wapi alibahatisha.

Hapo ndipo kidau cha kijivu kilipofunguliwa tena. Mwalimu aliandika mizani tano za utao ule kwa masizi. Kisha akashika kalamu ya baba yake, akaandika "safa" kwa kijivu. Akaweka kalamu, akachovya ile nyingine, akamalizia "ri" kwa weusi, kwa sababu kina hakikuwa na shaka. Pambizoni, kwa kijivu, akaongeza "bahari" na "habari". Neno moja likawa na rangi mbili, na kila rangi ikasema kweli.

Kuanzia hapo kazi ilisonga. Ziko kurasa zilizotoka nyeusi tupu, na uko ubeti mmoja uliotoka kijivu mwanzo hadi mwisho isipokuwa vina, umesimama kama nyumba iliyobaki nguzo. Kijana alipouliza itakuwaje maji yakiingia tena, mwalimu alisema kwamba yakiondoka ya kijivu, yatakuwa yameondoka makisio yake yeye, na maneno ya mzee yatabaki na nafasi zake wazi, mtu mwingine ajaribu.

Kazi ilipokwisha, kijana alichukua kurasa kwenda kuzitolea nakala dukani ili ndugu wote wapate. Alirudi jioni na mafungu sita, amefurahi. Mwalimu alivaa miwani, akafungua ukurasa wa jahazi, akanyamaza. Mashine haikujua kijivu. Yaliyokoza ilikuwa imeyageuza meusi, na mepesi ilikuwa imeyafuta. "Safari" ilisimama pale imara, kama iliyotoka kinywani mwa babu, na pambizoni hapakuwa na kitu.

Hakumlaumu mtu. Aliomba taa isogezwe, akachovya kalamu katika masizi, akarudi ukurasa wa kwanza wa maandiko yake. Chini ya kila herufi ya kijivu alitia nukta nyeusi, moja moja, zinazoonwa na jicho na mashine pia, na maneno ya pambizoni akayaandika upya kwa weusi, nayo akayatilia nukta. Kwenye jalada la ndani akaeleza maana yake kwa mistari mitatu. Kazi ile ilimchukua usiku kucha hadi adhana ya alfajiri, na kijana alikaa naye, akimhesabia.