Chupa ya Mafuta na Rejesho la Kila Mwezi

Wapendwa, mjane tunayemsoma katika 2 Wafalme sura ya 4 alitoka nyumba ya watumishi wa Mungu. Mumewe alikuwa mmoja wa wana wa manabii, mtu mcha Mungu, naye alikufa akaacha deni. Mdai akaja kuwachukua watoto wawili wawe watumwa. Kila tunapofundisha habari hii katika mitaa ya Karatu, watu husubiri mafuta yaongezeke. Siku hizi sisi hukaa zaidi pale mwishoni, Elisha anapomwambia mama yule akauze mafuta, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kinachobaki. Muujiza haukufuta deni. Ulimpa mama kazi ya kufanya ili alipe.

Tunakaa hapo kwa sababu nasi tunalipa. Mwaka 2023 mama yetu alihitaji upasuaji. Tuliketi mume na mke, tukahesabu, tukakopa kwenye SACCOS shilingi 4,000,000 za kurejesha kwa miezi 36, kila mwezi kama shilingi 135,000. Mama akapona, akarudi kupalilia maharage yake na kuwasimulia wajukuu hadithi jioni. Mwezi wa tisa wa mkopo akalala katika Bwana. Tukamzika, na mwezi wa kumi ukafika na tarehe yake.

Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Anayelipia pikipiki huipanda kila asubuhi, na moyo wake huona sababu ya kulipa. Sisi tulikuwa tunalipia matibabu ya mtu aliyekwisha kuzikwa, na moyo ulichoka.

Tulijua hatuko peke yetu. Watu wa Karatu huishi kwa misimu. Mwongoza watalii, dereva, mpishi wa kambi na mhudumu wa loji hutegemea magari yanayopanda Ngorongoro. Mkulima wa vitunguu kule Mang'ola hukopa mbegu na mbolea bila kujua bei ya siku ya kuvuna. Aprili 2020 ndege za abiria za kimataifa zilisimamishwa nchini kwa sababu ya korona. Mwezi Mei zikaruhusiwa tena, lakini wageni walichelewa kurudi, na tarehe za marejesho hazikuchelewa. Ndipo tulipoona baadhi ya washarika wakipotea ibadani. Baadaye tukatambua kwamba walikuwa wakimkwepa mdhamini anayeketi benchi la pili.

Basi tuliirudia habari ya mjane kama watu wanaotafuta nguvu ya kuendelea.

Elisha alimwuliza kwanza ana nini nyumbani. Mama alikuwa na chupa ya mafuta tu. Sisi tulikuwa na mshahara, kuku kumi na wawili na ekari moja ya mbaazi. Rejesho hutengwa siku ile ile mshahara unapoingia, kabla hatujakwenda dukani. Mayai hufidia kinachopungua.

Kisha alimtuma kwa majirani kuazima vyombo. Mwenye deni hupenda kujificha, lakini mama huyu alilazimika kupiga hodi nyumba hata nyumba. Mwezi wa ada za shule tulipoona fedha hazitatosha, tulimwendea mhazini wa SACCOS kabla ya tarehe, tukapangiwa upya. Wanaojificha ndio huangukia mikopo ya kausha damu, wakikopa huku ili walipe kule. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni. Ulizeni leseni kabla ya kumwachia mtu kadi yenu ya benki. Kanisa letu lisione haya kusema hivyo, kwa maana Martin Luther mwenyewe aliwaandikia wachungaji mwaka 1540 akiwataka wahubiri dhidi ya riba ya kunyonya.

Tatu, mama alifunga mlango, na wanawe wakawa wanamletea vyombo. Watoto waliokuwa hatarini kuchukuliwa ndio walioshiriki kazi ya kulipa. Nasi tuliwaambia watoto wetu ukweli. Wakachora vyungu 36 kwenye karatasi, wakaibandika nyuma ya mlango wa jikoni. Kila rejesho likilipwa, wanapaka rangi chungu kimoja. Siku moja yule mdogo alisema, "Chungu cha Bibi kimejaa tena." Tangu hapo tulielewa kwamba kila rejesho ni shukrani kwa ile miezi ambayo Bibi alikaa nasi.

Kuna swali tunaloulizwa sana: je, mwenye deni atoe sadaka? Atoe, kwa kadiri ya alichojaliwa. Lakini asitoe ahadi kubwa ili apigiwe makofi, wala asinunue mbuzi kwa bei ya juu katika mnada wa mavuno, huku mdai wake akizungushwa. Kulipa deni ni uaminifu mbele za Mungu, na Mungu hafurahii kupewa fedha ya jirani yako.

Miezi ya katikati ndiyo migumu kuliko yote. Mwanzo una ari, mwisho una furaha, lakini mwezi wa kumi na tano hauna kitu. Mnaopita geti la Loduare asubuhi mnajua ukungu wa msitu ule. Dereva haoni kreta wala ukingo wake. Anaona hatua chache za barabara, naye hupanda kwa hizo. Mjane naye alimimina chombo kimoja, kisha akaitisha kingine.

Leo vyungu 25 vina rangi, na 11 bado ni vyeupe. Mpendwa unayelipa polepole, usiache ibada kwa sababu ya deni. Njoo Jumapili, ukae benchi la pili karibu na mdhamini wako, umwambie umelipa kiasi gani na kimebaki kiasi gani. Kisha muombe pamoja sala ya Bwana, ambayo Mathayo aliiandika kwa neno lile lile la deni.