Futa Yako Moja

Steam Deck ya bei ya chini kabisa, iliyotoka mwaka 2022, ilikuja na gigabaiti 64. Gemu moja kubwa ya siku hizi huzidi hapo. Ndiyo maana watu huzifungua, nami nikaifungua yangu. Unatoa kwanza kadi ya microSD isije ikavunjika, halafu skrubu nane za nyuma, bamba la chuma, waya wa betri. Diski mpya ina upana wa milimita 22 na urefu wa 30. Hiyo hiyo hubeba terabaiti 2.

Mimi na mdogo wangu tulikua na PSP moja na kadi yake ya megabaiti 32. Diski yangu ni zaidi ya mara 60,000 ya kadi ile. Ikijaa, ilibidi tukae kikao: mchezo niliobakiza hatua ya mwisho, au nyimbo zake? "Kaka, futa yako moja, nami nifute mbili." Tulinuniana, tukapatana.

Sasa sifuti chochote. Mdogo wangu yuko Muscat, ana mashine yake, nayo ina nafasi tele. Hakuna anayemwomba mwenzake kitu, na simu zetu zimekuwa za sikukuu na misiba.

Juzi nilimpigia tu. "Nifute ipi?"

Akanyamaza kidogo. "Imejaa?"

"Haijajaa."

Akacheka, kisha akaanza kunitajia gemu moja moja, na sababu zake.