Painti Mbili

Ukiambiwa mtu wenu anaenda kufanyiwa upasuaji wa kansa ya mlango wa kizazi, kitu cha kwanza kuogopa ni kisu. Kumbe wenye kushika kisu wao wanaogopa damu. Na hesabu ya damu hiyo inaanza miezi mingi kabla ya mgonjwa kulala mezani.

Haya nimeyajua kupitia kwa senge, dada ya baba yangu. Anakaa karibu na Kaplong, pale barabara inayotoka Kericho kupitia Litein inapokutana na ya Bomet na ile ya Sotik na Kisii. Amechuma chai tangu sijazaliwa. Mchuma chai analipwa kwa kilo, kwa hivyo ukiugua, hela nayo inaugua. Senge alikuwa amemaliza siku zake za mwezi miaka mitatu nyuma, kisha damu ikarudi. Majirani wakamtania kwamba ujana umerudi. Akafunga leso kiunoni, akaendelea kuchuma karibu mwaka mzima.

Alipopimwa na kuambiwa ni kansa, ukoo ulikaa ukaamua mimi ndiye nimsindikize hospitalini. Sababu: niliacha chuo mwaka wa pili, na kazi yangu ya kuandikia watu mtandaoni, kwao, si kazi. "Wewe una nafasi," baba akasema. Basi nikaenda na daftari.

Daktari wa upasuaji aliuliza maswali niliyodhani ni ya kujaza fomu tu.

"Mama, umezaa watoto wangapi?"

"Wanne."

"Kwa kisu wangapi?"

"Wawili wa mwisho."

Nikauliza hiyo inahusu nini. Akaeleza kwamba baada ya kujifungua kwa kisu, kibofu huweza kugandamana na mji wa mimba pale penye kovu. Kuvitenganisha kunachukua muda, na panapobanduliwa panatoka damu.

Akauliza dawa. Senge akamwaga mkoba: vidonge vya magoti, aspirini, na chupa ya mitishamba. Aspirini inazuia damu kuganda, na nguvu yake hubaki mwilini karibu wiki nzima baada ya kuacha kumeza. Dawa nyingi za maumivu zina tabia kama hiyo. Daktari akampangia ipi aache na lini. Hapo nikaona umuhimu wa kutoa kila kitu mkobani, hata kile unachoona aibu kukitaja.

Unene nao unahesabiwa, kwa kuwa mafuta mengi yanafanya nyonga iwe kama kisima kirefu, na mshipa ukikatika chini huko ni shida kuufikia. Senge ni mwembamba, tukapata afueni hapo. Uvimbe ulikuwa sentimita 3. Ukipita 4, mara nyingi wanaacha upasuaji na kumpeleka mgonjwa kwenye mionzi pamoja na dawa za kansa. Uvimbe mkubwa una mishipa mingi ya kuulisha, unadai kukata kwa upana zaidi na saa nyingi zaidi mezani, na kila saa ina damu yake.

Kisha yakaja majibu ya maabara. Wingi wa damu wa mwanamke unatakiwa uwe 12 au zaidi. Wa Senge ulikuwa 7.8. Ni kama kuingia mwisho wa mwezi na salio la shilingi kumi: ajali ndogo tu, umeisha. Daktari akakataa kumpasua mpaka damu ipande, na mpaka sisi tulete watu wa kutoa.

Upasuaji wenyewe ni wa zamani. Ernst Wertheim alianza kuufanya Vienna mwaka 1898, na Karl Landsteiner akaja kugundua makundi ya damu mwaka 1901, katika mji huohuo. Yaani Wertheim alianza kabla ya kuwapo njia salama ya kumwongezea mgonjwa damu, na baadhi ya wagonjwa wake wa mwanzo hawakutoka hai. Ugumu uko kwenye ramani ya mwili. Mji wa mimba unatolewa pamoja na nyama za pembeni yake, na humo ndani mshipa mkubwa wa damu unakatiza juu ya mrija unaoshusha mkojo kutoka kwenye figo. Chini yake kuna mishipa myembamba inayochanika upesi. Daktari anafungua njia hapo katikati bila kuharibu mrija.

Binamu yangu wa Nairobi akapiga simu: mbona wasitumie vitundu vidogo na kamera, si damu inatoka kidogo? Ni kweli inatoka kidogo. Lakini utafiti mkubwa uliochapishwa 2018 ulionyesha kwamba kwa kansa hii, waliopasuliwa kwa vitundu walirudiwa na ugonjwa na kufa zaidi ya waliofunguliwa tumbo. Tukakubali tumbo lifunguliwe.

Kazi ikabaki ya damu. Wanawake sita wa ukoo tulijitokeza. Mimi nilikuwa na kilo 48, wanataka angalau 50. Mmoja ananyonyesha. Wawili wakapimwa, wakaambiwa damu yao wenyewe haitoshi. Nao wanachuma chai. Wajomba wakasema damu ya mtu haigawanywi hovyo, wakaenda kuangalia ng'ombe. Waliotuokoa ni vijana wa boda wa steji ya Kaplong, wanne, ambao Senge hawajui hata kwa jina.

Walimpasua asubuhi, saa nne na ushee mezani. Zilitumika painti mbili. Alirudi wodini akiwa baridi na mwenye hasira, akiuliza nani anakamua ng'ombe wake.

Nikisoma daftari langu sasa, naona mambo kwenye orodha ile ambayo Senge asingeweza kuyabadilisha, kama yale makovu mawili. Lakini ukubwa wa uvimbe na upungufu wa damu, vyote viwili vilizaliwa na ule mwaka wa leso. Mwaka 2024 utafiti mwingine ulionyesha kwamba uvimbe usiozidi sentimita 2, kwa waliochaguliwa vizuri, unatosha kutibiwa kwa upasuaji mdogo wa kutoa mji wa mimba tu, bila zile nyama za pembeni. Kukatwa kunapungua kwa sababu umewahi.

Na unaweza kuwahi hata zaidi ya hapo. Makadirio ya 2020 yalikuwa wanawake 5,236 waliougua kansa hii Kenya mwaka mmoja, na 3,211 waliokufa. Chanjo ya HPV ipo kwa wasichana tangu 2019. Kupimwa kunaanza miaka 25, na mara nyingine ni siki tu inayopakwa ili daktari aone panapobadilika rangi. Mimi nina 26, nimepimwa. Binti za Senge pia.

Senge ameacha kuchuma. Anauza mboga barabarani, na kila boda akisimama anamuuliza kama ni mmoja wa wale wanne.