Tusisafiri kwa Misiba Tu

Ndugu msomaji, hebu jiulize: ni mara ngapi umefunga safari ndefu ndani ya nchi yako bila kuitwa na msiba, harusi, ugonjwa au uhamisho wa kazi? Wengi wetu tukihesabu kwa uaminifu hatutafika hata kidole cha pili. Tumezoea kudhani kwamba kutembea ili kuona tu ni anasa ya wageni watokao Ulaya na Marekani, na kwamba mwananchi atumiaye fedha yake kwa jambo hilo ama amepungukiwa na akili ama amezidiwa na mali.

Fikra hiyo ndiyo iliyoleta mzozo katika nyumba yetu pale Mbalizi. Mama yetu, mjane mwenye umri wa miaka 67, alikuwa amejiwekea akiba kwa muda mrefu katika chama cha akina mama cha kuweka na kukopa, kwa nia ya kuezeka upya nyumba yake. Bati za zamani zimeliwa na kutu, na mvua zikifika yeye huweka ndoo jikoni na beseni chumbani. Akiba ilipotimia, chama chao kikapanga safari ya siku saba ya kuzuru miji ya kale, nyumba za watawa na mashamba ya zabibu, kuanzia nyanda zetu za juu mpaka Dodoma. Kiongozi wa msafara angekuwa mwalimu mstaafu wa historia. Mama akaandikisha jina lake siku ile ile, akalipa, kisha ndipo akatuarifu sisi wanawe.

Kaka yangu mkubwa alikasirika. Alisema kwamba bati haziwezi kungoja, na kwamba majirani watatucheka: mama ananyeshewa, naye anakwenda kutazama makaburi ya watu asiowajua. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akajibu kwa upole: "Mwanangu, mimi Iringa nimefika mara nne. Mara zote nne nilikwenda kuzika. Iringa siijui; ninayoyajua ni makaburi yake." Kaka akanyamaza, ingawa hakukubali. Mimi nikapewa kazi ya kumsindikiza.

Tuliondoka mwanzoni mwa Machi, watu 22 katika basi dogo la kukodi. Mwalimu hakuielekeza gari mashariki moja kwa moja, bali alitupeleka kwanza Utengule, mwendo mfupi tu kutoka Mbalizi. Alisema haifai mtu kwenda kutafuta historia ya mbali hali ameiruka ile iliyo mlangoni pake. Hapo ndipo Merere, mtawala wa Wasangu, alipojenga ngome yake baada ya kusukumwa na Wahehe kutoka nchi yake ya Usangu katika karne ya 19. Wasafwa, wenyeji wa milima hii, wakajikuta chini ya mtawala mgeni aliyekuwa mwenyewe mkimbizi. Baadaye Wasangu wakaungana na Wajerumani dhidi ya Mkwawa, na Mkwawa aliposhindwa wakarejea kwao.

Mama ni Msafwa. Alisimama pale kwa muda, kisha akamwuliza mwalimu swali ambalo sikulitegemea: "Na waliomo ndani ya ngome, chakula chao kililimwa na nani?" Mwalimu alicheka kidogo, akasema, "Mama, kililimwa na bibi zako." Tangu hapo, kila tulipofika, mama aliuliza swali la namna hiyo, na mimi nikaanza kuyaandika majibu katika daftari langu.

Tulipita Makambako, tukalala Njombe, mji wa baridi na ukungu, na siku ya pili tukafika Songea. Hapo ipo Makumbusho ya Vita vya Majimaji, palipo na kaburi la pamoja la mashujaa wa Kingoni walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906. Siku chache baadaye alinyongwa pia nduna Songea Mbano, ambaye mji umebeba jina lake. Ni mahali hapo hapo ambapo tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama mbele ya wajukuu wa wahanga akaomba msamaha kwa niaba ya taifa lake.

Mtembeza wageni alitusimulia habari za ndumba ya maji, za mapambano na za kamba za kunyongea. Mama akauliza, "Wake zao walibaki na nini?" Kijana yule alituambia bila kuficha kwamba wengi wa waliokufa katika vita ile ya mwaka 1905 hadi 1907 hawakuuawa kwa risasi. Jeshi la Wajerumani lilichoma vijiji, maghala na mashamba, nayo njaa ikamaliza kazi. Makadirio ya wanahistoria hutofautiana sana, toka vifo 75,000 hadi 300,000. Mtu anyongwapo jina lake huweza kuandikwa ukutani. Mama na mtoto wanaokufa kwa kukosa mbegu ya kupanda hawaandikwi popote.

Kutoka Songea tulikwenda Peramiho, upande wa magharibi. Watawa Wabenediktini walianzisha misheni hiyo mwaka 1898, nayo vita ya Majimaji haikuipita kando. Askofu Cassian Spiss, mwanzilishi wake, aliuawa Agosti 1905 huko upande wa Liwale pamoja na mabruda wawili na masista wawili, na misheni yenyewe ikachomwa moto. Ikajengwa tena, na mwaka 1931 ikapewa hadhi ya abasia. Leo msafiri huona kanisa kubwa la matofali, hospitali, karakana, na vijana wanaojifunza ufundi. Huko huko Ungoni, mwaka 1957, ilianzishwa Hanga, nyumba ya watawa Waafrika iliyofikia nayo kuwa abasia.

Mama ni Mmoraviani, mtoto wa kanisa lililotia mguu Rungwe mwaka 1891, na nilihofu kwamba ataona ugeni. La hasha. Tulikaribishwa kwa chai ya moto na mkate, na bruda mmoja akatueleza kwamba Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa katika karne ya 6 huko Italia, inawaagiza watawa wampokee kila mgeni kana kwamba ni Kristo mwenyewe. Jioni tuliketi nyuma ya kanisa tukisikia sauti za kiume zikiimba zaburi kwa utaratibu usio na haraka. Mama alifumba macho. Alipotoka alisema, "Hawa wanaimba kama watu wasiongoja gari."

Lakini hapo pia hakusahau swali lake. Alitaka kujua nani alibeba mawe na kuchoma matofali ya jengo kubwa namna ile. Bruda alijibu kwa unyofu kwamba majina ya waliochora ramani yametunzwa vizuri kuliko majina ya waliobeba matofali. Niliona kuwa jibu hilo lina heshima kuliko hotuba ndefu.

Siku ya nne tulirudi Makambako tukashika barabara ya Iringa. Njiani tulikuta ulanzi ukiuzwa katika madumu, kwa kuwa ulikuwa msimu wake. Msomaji wa pwani huenda hajui kwamba huku kwetu mvinyo hutoka katika mwanzi. Mvua zinapoanza, mgema hukata ncha ya chipukizi changa, akaning'iniza chombo, naye hurudi kila siku kukata tena kidogo ili utomvu uendelee kutiririka. Ule mpya na mtamu huitwa mtogwa, na hata watoto huunywa. Ukilala huchacha, na uliokomaa sana huitwa mkangafu, ambao haufai kwa mtu mwenye safari. Mama alikunywa mtogwa nusu kikombe, akasema dhambi yake iandikwe kwa jina langu.

Kalenga iko kilometa zipatazo 15 kutoka Iringa mjini. Ndiyo iliyokuwa makao makuu ya Mkwawa, yaliyozungukwa na ukuta, mpaka Wajerumani walipoyapiga kwa mizinga na kuyateka mwishoni mwa Oktoba 1894, kulipiza kisasi cha Lugalo, ambako Wahehe walikiangamiza kikosi cha Emil von Zelewski tarehe 17 Agosti 1891. Mkwawa hakukamatwa. Alijificha porini karibu miaka minne, akatangaziwa zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa chake, na tarehe 19 Julai 1898 akajipiga risasi huko Mlambalasi kuliko kuangukia mikononi mwa adui. Fuvu lake likapelekwa Ujerumani. Likatajwa hata katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, lakini halikurudi mpaka 1954, lilipoletwa na Gavana Edward Twining. Leo limo ndani ya kisanduku cha kioo katika makumbusho madogo pale Kalenga.

Lazima niseme kwamba kwetu sisi, jina la Mkwawa halikuwa la ushujaa tu. Shuleni tulifundishwa kwamba alikuwa simba aliyewapinga wakoloni, na ni kweli. Nyumbani, hata hivyo, mama alikua akisimuliwa na bibi yake habari za watu waliokuja usiku kuchukua ng'ombe na wasichana, na katika masimulizi hayo watu hao waliitwa Wahehe. Mambo hayo mawili hayakupata kukutanishwa. Mwalimu husema lake darasani, bibi husema lake jikoni, na mtoto hubaki na nchi mbili kichwani.

Mtembeza wageni wa Kalenga alikuwa mzee wa Kihehe. Mama alimwamkia, "Kamwene," kisha akamweleza wazi wazi, mbele ya watu wote, yale aliyosimuliwa na bibi yake. Nikaona haya. Mzee yule hakukasirika wala hakukanusha. Alisema, "Mama, hayo nasi tunayajua. Babu zetu walikuwa watu wa vita, na vita haina mkono safi. Mimi wageni wengi huniuliza habari za bunduki, kwa hiyo huwajibu habari za bunduki. Wewe umeleta habari ambayo makumbusho hii haina." Mama akauliza lake: katika miaka ile ya maficho, nani alimlisha Mkwawa? Mzee akasema ni wananchi, na hasa wanawake, waliojua kwamba kukutwa na chakula hicho ni kifo. Mama alitikisa kichwa taratibu. Akasema, "Basi hapo wamenigusa." Waliketi pamoja kwenye benchi kwa muda mrefu kuliko ratiba ilivyoruhusu, na mwalimu hakuwaharakisha.

Tuliitazama pia Tosamaganga, misheni iliyo juu ya kilima karibu na Kalenga, iliyoanzishwa na Wabenediktini na baadaye kuchukuliwa na Wamisionari wa Konsolata toka Italia. Siku ya sita tukavuka Mtera, penye bwawa la Mto Ruaha Mkuu, tukaingia nchi ya Wagogo, nchi ya mbuyu na vumbi jekundu. Ni ajabu kwamba mzabibu umeipenda ardhi hiyo kavu. Mapadri waliuleta kwa ajili ya divai ya misa, na Bihawana, kando ya barabara hiyo hiyo ya Iringa, ni miongoni mwa mahali ulipoanzia katika miaka ya 1950. Mwalimu alitukumbusha kwamba Kanuni ile ya Benedikto ina sura nzima juu ya kipimo cha divai cha mtawa kwa siku, na kwamba kanisa na zabibu vimesafiri pamoja karibu kila nchi.

Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi na kuzaa mara moja kwa mwaka. Dodoma haina baridi ya namna hiyo, kwa hiyo mkulima huulazimisha kupumzika kwa kuupogoa, nao humlipa mavuno mawili kwa mwaka. Tulikuta akina mama wakichuma, ndoo kichwani na mkasi mkononi. Mmoja alimweleza mama kwamba tabu yao ni soko, kwani zabibu ikishaiva haingoji, na mnunuzi akichelewa bei hushuka siku hadi siku. Mama, aliyekwisha kuuza viazi kwa madalali wa Mbalizi, hakuhitaji mkalimani wa jambo hilo. Nilimwona akimshika mkono mwenzake yule kama ndugu aliyepotea.

Tulirudi nyumbani siku ya saba usiku, huku mvua ikinyesha. Ndoo ilikuwa jikoni pale pale. Sitasema kwamba safari iliziba paa, maana haikuziba, na kaka ana haki ya kusema hivyo kila aingiapo. Amenunua bati kumi kwa fedha yake, na zilizosalia zitangoja mahindi yauzwe. Lakini watoto wake huja jioni kumwuliza bibi habari za fuvu, naye huwaeleza Mkwawa wa shuleni na Mkwawa wa jikoni kwa pamoja, bila kumficha mmoja nyuma ya mwenziwe.

Kwa hiyo ninalo ombi kwa akina mama na akina baba wa familia. Harusi tunaichangia mwaka mzima, na msiba haujatukuta tukashindwa kukodi basi. Tuweke basi fungu dogo la tatu, la kuwaonyesha wazee na watoto nchi yao wangali na macho na miguu. Tutafute kiongozi anayejua, twende majira ambayo shamba haliiti, na tufikapo mbele ya kaburi la jemadari au ukuta wa abasia, asikose mmoja wetu wa kuuliza nani alilima, nani alipika, na nani alibeba matofali.